Kikapu cha Tini Dume

Mwaka huo Garifalia alikataa kwenda. Hakukataa kwa kelele, maana nguvu za kelele hakuwa nazo. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko, miguu kaitia katika beseni la maji ya chumvi, na mumewe Manthos amesimama uani akiutazama mlima kama alivyozoea kuutazama kila Juni.

"Vidudu viko mbioni kutoka," alisema Manthos. "Kesho alfajiri utapanda kwa Lambis."

"Sipandi."

"Basi keshokutwa."

"Keshokutwa sipandi, mtondo sipandi. Ukizitaka tini dume, njia unaijua. Ulizaliwa huko juu, hukuokotwa bandarini."

Manthos aligeuka, akamchunguza usoni kutafuta mzaha. Hakuuona. "Ni magoti tena?"

"Magoti yangu yana nafuu kuliko ya mbuzi wako. Kilichochoka ni mdomo."

Hilo la mdomo Manthos hakulielewa, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili, alichukua kofia yake akatoka kwenda kuwasemesha mbuzi. Garifalia alibaki na beseni lake. Maji yalikuwa yameshapoa, lakini hamu ya kuinuka kuyamwaga hakuwa nayo.

Mitini ya upande ule wa kisiwa cha Evia haina makuu. Inasimama juu ya mwamba, mizizi imejipenyeza kwenye nyufa ambazo hata panya angezikosa, na mvua ikigoma inakunja majani kidogo na kuendelea na shughuli zake. Haiombi maji, haiombi mbolea. Kitu kimoja tu ndicho haiwezi kujifanyia. Kila Juni lazima iletewe tini za mtini dume, zile ngumu kama kokoto, ambazo haziliwi na mtu wala nguruwe, na ambazo ndani yake vimo vidudu vidogo kuliko punje ya pilipili manga iliyosagwa. Watu huzitunga kwenye nyasi ngumu na kuzitundika matawini kabla jua halijapanda. Asubuhi ikipata joto, vidudu hutoka vimejipaka unga wa dume, huingia kwenye tini changa za mtini jike, na hapo ndipo tini hushika. Usipotundika, tini zote hugeuka njano, zinadondoka, na ukishazifagia hilo ndilo vuno lako la mwaka.

Na mwaka ule haukuwa wa kuchezea. Ulikuwa mwaka wa tatu mvua inapita baharini kama mgeni asiyetaka kuonana na wenyeji. Milozi ilikuwa imekauka imesimama. Mizeituni haikuchanua. Visima vya chini vilitoa tope, kisha havikutoa kitu. Kilichobaki cha kumpa mtu matumaini ni mitini, na mitini dume ya bondeni, ambayo wanakijiji wengine walikuwa wakiitegemea, ilikuwa imepukutisha matunda yake mwezi Mei. Mmoja tu ulikuwa umebeba sawasawa, ule uliopandwa ubavuni mwa birika la kale la mawe juu kabisa mlimani, ambao mzizi wake ulijua wenyewe unakopata unyevu. Huo ulikuwa wa Lambis, mdogo wake Manthos, na ndugu hao wawili walikuwa hawasemezani tangu baba yao alipofariki.

Baba yao, mzee Stathis, hakuwa mtu wa kueleza mambo yake. Alimwachia Manthos, mkubwa, shamba lote la mitini jike. Akamwachia Lambis nyumba ya juu, uwanja wa kupuria nafaka, na ule mtini dume. Labda alitaka watoto wake wahitajiane. Labda alikuwa anagawa tu, amalize alale. Siku ya arobaini yake jamaa walikusanyika nyumba ya juu, divai ikatembea, na Manthos, ambaye akinywa hudhani kuwa na yeye ni mchekeshaji, akasema mbele za watu: "Baba alijua anachofanya. Mti usiozaa kampa asiyezaa."

Lambis na mkewe Evanthia hawakujaliwa mtoto. Evanthia alikuwa amesimama pale pale na sinia la ngano ya kuchemsha, ile ya kuwakumbuka marehemu, akiwagawia wageni. Alilishusha sinia mezani taratibu, akaingia chumbani, akafunga mlango. Tangu siku hiyo hakuteremka kijijini, hata kanisani. Na Manthos, badala ya kwenda kuomba radhi asubuhi iliyofuata akiwa bado na uso wa kuona haya, alikaza shingo akasema watu wa siku hizi hawajui utani.

Juni ilipofika, nani aende kuomba tini dume? Akaenda Garifalia. Ni wao wanaume waliogombana, lakini kikapu kilikuwa cha mwanamke. Alipanda kiza kikiwa hakijatoka vizuri, akasimama nje ya ukuta wa mawe wa nyumba ya juu, akaita. Lambis akatoka na kikapu kimejaa, kimefunikwa majani. Kule kumnyima mtu tini dume ni aibu, sawa na kumnyima moto. Alikiweka juu ya ukuta bila neno. Garifalia akaona ule ukimya haufai, utaoza na kutoa harufu. Akasema: "Manthos anakusalimu. Anauliza kiuno chako kinaendeleaje."

Manthos hakuwa ameuliza lolote. Lambis akakohoa. "Kinaendelea."

Garifalia akashuka mbio, maana vidudu havingoji mtu, na Manthos alikuwa akimsubiri langoni. Hakuuliza habari za kikapu. Aliuliza: "Kasema nini?"

"Anakusalimu. Kauliza na yeye kiuno chako."

"Hm," alisema Manthos, na siku hiyo alikula vizuri.

Basi ikawa ndiyo kazi. Kila Juni alipanda na salamu ya uongo na kushuka na nyingine. Mwanzoni zilikuwa ndogo ndogo, za kiuno na za mbuzi. Baadaye akaanza kutia chumvi. Manthos kakuota. Manthos kaiona picha ya marehemu mama yenu akanyamaza kutwa nzima. Lambis kasema hakuna anayejua kupogoa kama wewe. Alizitunga zikiwa njiani, akipanda huku midomo inamchezacheza, kama mwanafunzi anayekwenda kuulizwa somo. Na hakuvuka ule ukuta hata siku moja. Aliogopa uso wa Evanthia, ambaye zamani, kabla ya sinia lile, walikuwa wakifuma pamoja na kuchekana mpaka mbavu zikawauma. Aliamini kuwa Evanthia yuko ndani amekasirika, na alimwona ana haki.

Kisha Evanthia akafa, majira ya baridi, kwa kifua. Garifalia alikwenda mazishini. Manthos alibaki nyumbani na kiuno chake. Juni iliyofuata Garifalia alisimama tena nje ya ukuta, akamwona Lambis amekonda, shati limefungwa vifungo vya kupishana, na kabla hajafikiri akasikia mdomo wake unasema: "Manthos anamlilia Evanthia. Hapati usingizi."

Lambis alimtazama muda mrefu. "Mwambie ahsante," alisema.

Ule uongo haukumezeka. Ulimkaa kifuani mwaka mzima kama tonge lililokwama. Na Jumapili moja kabla ya sikukuu ya Yohana Mbatizaji, kanisani, alipojikuta anatunga salamu ya mwaka huu badala ya kusali, na kila anayoigusa ameshaitumia, aligundua kwamba amechoka. Hakuchoka kama mtu aliyelima, ambaye akilala anaamka mwingine. Aliwachoka wale ndugu wawili. Aliwachukia kidogo, ikiwa tutasema kweli, na zaidi yule aliyelala naye kitanda kimoja.

Ndiyo maana alikataa.

Siku zilizofuata upepo wa kusini ulivuma, ule mkavu unaoleta vumbi jekundu, na nyumbani watu hawakusemeshana zaidi ya kupitishiana chumvi. Jirani yao Marigo, mjane mwenye ulimi wa kuwasha na moyo mzuri, alikuja na mkate mkavu wa shayiri na kuketi bila kukaribishwa.

"Nasikia umegoma," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Manthos kawaambia mbuzi, mbuzi wakaniambia mimi. Kila mtu ameshatundika. Lambis kawagawia wote, hata yule mlevi wa karibu na kinu. Kwenu tu ndiko matawi yako uchi."

"Na yabaki uchi."

"Garifalia, tini zile ndizo mtakula msimu wa baridi."

"Najua."

"Basi mpe mzee wako siku mbili za kumpandia mlima."

"Nimempa miaka yote hii, Marigo. Hizo siku mbili ajipe mwenyewe."

Marigo alivunja mkate, akaulowesha kwenye mafuta ya zeituni, akatafuna akifikiri. "Wangu mimi alikuwa hivyo hivyo," alisema. "Alikufa ndipo akanyenyekea."

Manthos alikuwa amesikia kila neno, maana alikuwa nyuma ya ukuta akijifanya anarekebisha tandiko. Siku ya pili yake ndipo lilipotokea lile jambo ambalo kijijini wangali wanalicheka. Barabara ya chini ilipita pikapu ya mchuuzi wa bara, kipaza sauti kimefungwa juu kwa kamba, kikitangaza viti vya plastiki, matikiti, mashuka, na, kwa mwaka huu wa shida, tini dume. Jua lilikuwa utosini. Manthos alikimbia barabarani kwa kiuno kile kile kilichomzuia kwenda mazishini, akarudi na gunia la plastiki begani, uso umemng'aa.

"Haya," alisema, akilibwaga mbele ya mkewe. "Kuna mwanaume hapa nyumbani, tena hana haja ya mtu."

Garifalia alilitazama gunia. Lilikuwa limetoa jasho kwa ndani. Mtu yeyote wa kule, hata mtoto anayetambaa, anajua kuwa tini dume huchumwa kabla ya jua, hubebwa kwenye kikapu chenye upepo, na hutundikwa papo hapo. Manthos alilijua hilo kabla ya kujua kuvaa viatu. Lakini kiburi kikimkaa mtu kichwani humsahaulisha hata yale aliyofundishwa na mama. Aliitisha ngazi, akatunga mwenyewe, akatundika mwenyewe, mchana wa jua kali, bila kipimo, mafungu mafungu, mpaka mitini ikaonekana kama imevishwa kwa harusi. Garifalia alimwangalia akipanda na kushuka ile ngazi, shingo imemwiva, na alitaka kumwonea huruma. Huruma haikuja. Alimwekea maji na jibini kwenye kivuli, akaenda kulala.

Kulipokucha alitoka peke yake. Alichuma tini dume moja kwenye tungo la karibu, akaipasua kwa kucha. Ilikuwa tupu. Akapasua nyingine. Kitundu cha kutokea kilikuwa wazi na ndani mlikuwa na mabawa makavu machache. Vidudu vilikuwa vimetokea ndani ya pikapu, huko njiani, vikafia kwenye mashuka na matikiti. Akanyanyua macho kwenye mtini wenyewe. Tini changa zilikuwa bado kijani, lakini mbili tatu, za matawi ya chini, zilikuwa zimeanza kupauka upande mmoja.

Manthos alikuwa amesimama nyuma yake, miguuni ana soksi tu. Garifalia alimpa tu ile nusu ya tini mkononi.

Manthos aliishika akiigeuzageuza. Aliipulizia, kama wanavyofanya, kuona kama utaruka unga au kidudu. Hakikuruka kitu. Akakaa kwenye jiwe, na kwa mara ya kwanza Garifalia akaona kwamba mumewe amezeeka. Si kwa mvi, mvi alikuwa nazo siku zote, bali namna alivyoketi, kama mtu aliyewekwa pale na mwingine.

"Zimebaki siku ngapi?" aliuliza.

"Unajua kuliko mimi. Zikishapauka zote hazirudi."

"Kwa Lambis bado zipo?"

"Mti wake uko juu, unachelewa. Labda zimebaki za mwisho."

Mbuzi mmoja alilia, akaacha.

"Garifalia."

"Nakusikia."

"Nikienda, nimwambie nini?"

Hapo alikuwa na maneno, ukitaka kujua. Yalimjaa mdomoni mara moja, kwa mazoea, mazuri, ya kutosha wanaume watatu: mwambie damu haifutiki, mwambie umemkumbuka, mwambie hivi, mwambie vile. Angempa moja tu, naye angelibeba mpaka juu na kulitua, na jioni tini zingekuwa matawini. Alihisi ulimi unainuka. Akautia ulimi puani.

"Sina," alisema. "Yangu yameisha. Safari hii nenda na yako."

"Mimi sijui kusema, unajua."

"Siku ya arobaini ulijua."

Manthos aliinama kama aliyepigwa, na Garifalia hakuomba radhi. Baadaye kidogo aliinuka, akavaa viatu, akachukua kikapu cha mkewe kilichotundikwa ukutani, akashika njia ya mlimani. Alisahau fimbo. Garifalia aliiona pale mlangoni, akaishika, akafika nayo mpaka langoni. Kisha akairudisha.

Asubuhi ile ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kukaa. Alifagia uani, ambako hakukuwa na taka. Aliogopa Manthos ataanguka njiani na moyo utasimama, naye ndiye atakayekuwa amemtuma. Aliogopa zaidi kwamba atafika salama, atasimama mbele ya ukuta, atamwaga upuuzi mwingine, na kurudi na kikapu kitupu na kiburi kimeongezeka. Mara mbili alivua aproni ili amfuate, mara mbili akaivaa. Marigo alipita, akamwona, akaingia na kahawa yake mwenyewe mkononi.

"Kapanda?"

"Kapanda."

"Bila wewe?"

"Bila mimi, bila fimbo, bila maneno."

"Mungu awasaidie wote wawili," alisema Marigo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuongeza kitu.

Jua lilikuwa limeshashika kilele cha mlima wa pili waliposikia mawe yanaporomoka kwenye njia. Alitangulia Manthos, mikono mitupu, uso mwekundu, kofia kaishika. Nyuma yake, akiwa na kikapu kila mkono, vyote vimefunikwa majani mabichi, alikuja Lambis, mwembamba, vifungo vya shati vimepishana vile vile. Alifika langoni akasita. Alilitazama lile lango kama mtu anayesoma jina la kituo. Kisha akaingia.

"Kikapu kakataa kunipa," alisema Manthos kwa kunung'unika. "Anasema nitakitikisa."

"Ungekitikisa," alisema Lambis.

Garifalia alikuwa ameshainuka na nyasi za kutungia mkononi. Mwili wake ulijiendea wenyewe kwenye kazi. Manthos akamzuia kwa mkono.

"Lambis anakusalimu," alisema.

"Lambis yuko nyuma yako."

"Naona yuko nyuma yangu. Kaniambia njiani nikusalimu, nami nakusalimu. Kasema usiinuke."

"Sikusema asiinuke," alisema Lambis. "Nilisema akae."

"Si yale yale?"

"Si yale yale."

"Kaa, Garifalia," alisema Marigo, "kabla hawajapigana." Akamsogezea kiti.

Akakaa. Wale wazee wawili walitunga na kutundika, mmoja kwenye ngazi na mwingine akiishika, huku wakigombana kutoka mti hadi mti. Lambis alitaka tungo mbili kwa tawi kubwa, Manthos tatu. Lambis akasema ukizidisha tini zitapasuka, Manthos akasema baba alikuwa akitundika tatu, Lambis akasema baba alikuwa haoni. Vidudu vilikuwa vinatoka. Ukikaza macho ungeviona kwenye mwanga, vumbi jeusi linalojua linakokwenda. Tini nyingine zilikuwa zimeshachelewa na zingedondoka, hilo Garifalia aliliona bila kusimama. Lakini nyingi zingeshika, na msimu wa baridi wangekuwa na cha kutia mdomoni.

Kikapu cha kwanza kilipokwisha, Lambis alikuja kivulini kunywa maji. Alikaa kwenye kizingiti, karibu na kiti cha Garifalia.

"Kasema nini huko juu?" Garifalia alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Alisimama pale ukutani na kofia mkononi. Nilimwona nikadhani kaja kuniambia umekufa, shemeji." Akanywa. "Kisha akasema, kwa pumzi moja, 'Siku ya arobaini ya baba nilisema upuuzi. Nipe tini.' Basi. Hivyo hivyo."

"Nawe?"

"Nilimwambia akae kwanza apumue. Nilikuwa nalisubiri neno hilo miaka yote, nikajiandalia na jibu, jibu kali kweli. Lilipokuja sikulikumbuka."

Garifalia alitikisa kichwa. Alitaka kucheka lakini hata hilo lilimshinda. "Nisamehe na mimi, Lambis. Salamu nilizokuwa nakuletea zilikuwa zangu. Hazikuwa zake hata moja."

"Tulijua."

"Mlijua nini?"

"Shemeji, mimi na Manthos tumelala kitanda kimoja mpaka tukaota ndevu. Yule aniote mimi, aamke aseme kaniota?" Uso wake ulilegea kidogo, kisha ukarudi. "Tulijua tangu mwaka wa kwanza. Nilitaka kukwambia uache, usijitese. Evanthia ndiye aliyenikataza. Alisema, nyamaza, ukimwambia unajua hatakuja tena."

Garifalia aligeuka akamtazama.

"Alikuwa akiamka mapema kuliko mimi siku hizo," alisema Lambis. "Anavaa gauni lake zuri, anakaa nyuma ya dirisha lile linaloelekea ukutani, anasikiliza. Ukishaondoka anarudia maneno yako yote, na sauti anaigiza, tunacheka. Anasema, mwaka huu kasema ndoto, mwakani utamsikia atasema malaika."

"Mbona hakutoka?"

"Alikuwa anangoja uingie. Alikuwa anaweka vikombe viwili."

Manthos aliita kutoka kwenye ngazi kwamba tini zinapoteza vidudu huku watu wanapiga soga. Lambis aliweka kikombe chini, akachukua kikapu cha pili, akaenda.

Ukuta ule wa nyumba ya juu hauna hata lango. Unafika kiunoni tu, na upande mmoja mawe yameanguka tangu zamani, mbuzi wanaruka na kurudi wapendavyo. Garifalia aliuona wote mbele ya macho yake, jiwe kwa jiwe, na dirisha nyuma yake. Marigo alikuwa akimwuliza kitu, hakumsikia. Alitaka kusimama, aende, na hakukuwa na pa kwenda. Basi, kwa kuwa alikuwa ameambiwa akae, alilia pale pale kitini, nyasi za kutungia zikiwa bado mkononi mwake.